Premio inawasha taa ya ABS nikifika spidi 20: ni sensa kweli au naliwa hela?

Kiberiti (Tabata)
Wakuu habari za jioni. Gari ni Toyota Premio ya 2005, injini 1NZ. Nikiwasha asubuhi taa ya ABS (ule mfumo unaozuia matairi yasijibane ukikanyaga breki) inawaka kama kawaida, baada ya sekunde kadhaa inazimika. Natoka getini vizuri. Nikishika spidi 20 na kitu taa inarudi, haizimiki tena mpaka nizime gari. Na kabla haijawaka, nikiwa nakaribia kusimama kwenye tuta, pedeli ya breki inanipiga mguuni, grrr grrr, lami kavu kabisa! Fundi kaangalia akasema sensa ya ABS inayosoma mwendo wa tairi la mbele kushoto imekufa. Kaweka ya mtumba, taa ipo palepale. Sasa anasema hiyo ya mtumba nayo mbovu, tutafute nyingine. Kabla sijatoa hela tena, kuna namna ya kujua kwa uhakika?

Jogoo la Mjini
Chomoa fyuzi ya ABS uendelee na maisha. Wazee wetu waliendesha Peugeot 504 mpaka Songea na hakuna aliyejua ABS ni nini.

BintiMwera
Jogoo umeanza. Ukichomoa fyuzi taa inawaka muda wote na ABS ndiyo umeiua rasmi. Kiberiti, ile taa nyekundu ya breki, yenye alama ya mshangao, inawaka pia au ni njano ya ABS peke yake?

Kiberiti
Njano peke yake. Mafuta ya breki nimeangalia, yako juu.

Mzee Spana
Kijana, fundi anayetambua sensa imekufa kwa kuitazama, mnunulie soda umuage. Taa yenyewe imeshakupa nusu ya jibu.

Kompyuta ya ABS inajikagua mara mbili. Ukiwasha swichi, inaangalia mzunguko wa umeme wa kila sensa: waya haujakatika, haujagusa bodi. Koili ya ndani ikiwa imekatika, au plagi imechomoka, taa haizimiki kabisa hata gari likiwa limesimama uani. Yako inazimika. Ukaguzi wa pili ni gari likishatembea. Hapo inasubiri mapigo kutoka matairi yote manne. Matatu yakisema 20 na moja likasema sifuri, au likasema 7, inawasha taa na kuizima ABS. Wewe uko kwenye ukaguzi wa pili. Mimi ningetafuta kinachoharibu mapigo: pete ya meno inayozunguka na tairi mbele ya sensa, nafasi kati ya sensa na meno, uchafu, beringi. Sensa yenyewe ningeiweka nyuma ya foleni.

FundiWaya
Nakubaliana na Mzee kwa sehemu, ila kwanza gari liseme lenyewe ni tairi gani. Huyo fundi kajuaje ni kushoto?

Chini ya usukani kuna soketi ya kupimia yenye matundu 16, mistari miwili. Ukiitazama upande mpana ukiwa juu, mstari wa juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, wa chini ni 9 hadi 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya. Washa swichi, usipige stata. Taa ya ABS itaanza kukonyeza. Ikikonyeza harakaharaka mfululizo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara tatu, ikapumzika sekunde moja na nusu, ikakonyeza mara mbili, hiyo ni 32. Andika kwenye karatasi. Na angalizo: tundu la 16 ni umeme wa betri moja kwa moja. Ukilikutanisha na la 4 umeaga fyuzi.

Mkaanga Chipsi
Kwa nini ateseke na waya wakati kuna vidude vya Bluetooth vya bei chee? Unachomeka, unasoma kwenye simu.

FundiWaya
Mkaanga, vingi vya hivyo vinasoma injini tu. Utaambiwa gari halina kosa lolote huku taa ya ABS inakukodolea macho. Kwa ABS ya Toyota ya Japani ya miaka hiyo unahitaji mashine inayoingia kwenye mfumo wa breki, au kipande cha waya nilichosema, ambacho ni bure.

Kiberiti
Nimefanya. Tatu, kimya, mbili. Inarudia hivyohivyo, hakuna namba nyingine. Asante FundiWaya, nilikuwa natetemeka kama nategua bomu.

Mla Embe
32 ni mbele KULIA. Ndiyo maana sensa ya kushoto haijasaidia. Kesi imefungwa.

FundiWaya
Fungua kesi. Kwenye Toyota 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kwenye mashine kubwa utaziona kama C0200, C0205, C0210 na C0215 kwa mpangilio huohuo. Na kushoto ni kushoto ukiwa umekaa ndani ya gari. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo 32 ni upande wa abiria. Nimeona watu wamesimama mbele ya boneti wakafungua tairi la dereva.

Mla Embe
Haya, nimeelewa. Embe zimenichanganya.

Kiberiti
Ni upande wa abiria na ndiko sensa ilikobadilishwa. Fundi alipatia tairi.

Makanika wa Ngara
Salamu kutoka Nairobi. Ile sensa ya zamani bado unayo? Chukua multimita, weka kwenye omu, pima zote mbili. Sensa ya ABS ikiwa nzima inasoma kilo-omu moja na kitu. Ikiandika OL imekatika ndani. Hakuna cha kubahatisha, sensa zote hupimwa hivyo.

Kikokotoo
"Zote" hapana, mkuu wa Ngara. Hizo za koili na sumaku, ambazo zinatengeneza umeme wake zenyewe, ndiyo. Magari mengi ya karibuni yana sensa zinazolishwa umeme na kompyuta, kwa kawaida karibu volti 12, na hazitoi volti za mawimbi. Zinabadilisha mkondo tu, takriban miliampia 7 na 14, chini na juu. Ukipima omu hizo huambulii kitu cha maana, na ukitumia kipimo kisichofaa unaweza kuiharibu nzima. Premio ya Kiberiti mbele ina zile za koili, kwa hiyo kwake ushauri wako unafaa.

Makanika wa Ngara
Sawa, nilimaanisha za koili. Huku kwetu bado ndizo nyingi.

Kiberiti
Nimeazima mita kwa jirani. Ya zamani iliyotolewa: 1.49. Ya mtumba iliyopo kwenye gari: 1.52. Ya kulia ambayo haijaguswa: 1.50.

Jogoo la Mjini
😂😂😂 Umeuziwa sensa nzima kuchukua nafasi ya sensa nzima.

Mzee Spana
Si nilisema?

FundiWaya
Msisherehekee mapema. Koili inaweza kusoma vizuri ikiwa baridi halafu ikaachia ikipata joto, na iko jirani na diski ya breki. Niliwahi kushughulika na Corolla ambayo taa ilikuwa inawaka baada ya foleni ndefu tu. Nikaitoa sensa, nikaipuliza kwa draya ya saluni huku mita imeunganishwa, ikatoka kilo moja na nusu hadi OL mbele ya macho ya mteja. Kiberiti, jaribu na ya zamani.

BintiMwera
Lakini taa yake inawaka asubuhi, gari halijatoka hata Tabata. Joto gani hilo?

FundiWaya
Hilo nakubali ni swali zuri.

Mzee Spana
Kiberiti, nijibu moja tu, bila aibu. Kabla taa haijaanza, gari liliguswa nini?

Kiberiti
Lilikuwa linagonga kwenye kona, tako tako tako. Tukabadilisha shafti ya mbele kushoto pamoja na sivi jointi (kiungo chake cha upande wa tairi), ya mtumba. Taa ilianza baadaye kidogo, sikuhusisha.

Mzee Spana
Haya. Wadau mmesikia.

Shangazi Premio
Yarabi! Mwanangu, hilo ndilo lililonikuta mimi na Allion. Pete ya meno ya mbele haiko kwenye diski, imebanwa kwenye kikombe cha sivi jointi, kwa nje. Kuna shafti za gari lenye ABS na za gari lisilo na ABS. Zinaingia vilevile, nati ileile, urefu uleule, gari linatembea bila shida. Tofauti ni ile pete tu. Mimi niliuziwa isiyo na pete na aliyefunga hakutazama. Sensa ilikuwa inachungulia chuma tupu.

Mbeba Mzigo
Niko Sharjah, nafanya kazi kwenye maghala ya spea za mtumba, na naona jinsi shafti zinavyofungwa: fungu moja, waya mmoja, zimechanganyika za Corolla, Allion, Wish, zenye pete na zisizo na pete. Pete nyingine imechubuliwa na uma wa foklifti. Kuna pia kutolingana kwa meno. Toyota nyingi za umbo hilo zina meno 48. Ukiweka jointi yenye meno 44, gari likienda 20 tairi hilo litasema 18 na nukta. Kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo tofauti inavyokua kwa kilomita, na kompyuta inakasirika.

Kikokotoo
Na kwa meno 48 na mzunguko wa tairi wa karibu mita 1.95, spidi 40 ni mapigo kama 270 kwa sekunde. Jino moja likivunjika ni kasoro moja kila mzunguko, yaani karibu mara sita kwa sekunde. Kwenye mashine inayochora mstari utaona kijiti kinaruka kwa mpangilio. Kijiti kikiruka ovyo bila mpangilio, hapo nenda kwenye waya au plagi.

Makanika wa Ngara
Mimi kura yangu ni beringi. Ukibadilisha shafti unaigonga nyundo ili itoke kwenye habu, na beringi iliyochoka haipendi kugongwa. Ikilegea, tairi linacheza na ile nafasi ya sensa, ambayo ni kama milimita moja tu au chini yake, inapanuka na kubana. Inua gari, shika tairi juu na chini, litikise. Halafu lizungushe usikilize kama linasaga.

FundiWaya
Na kama gari lingekuwa la kisasa zaidi, beringi ingekuwa mshukiwa namba moja, kwa sababu pete yenyewe ni ya sumaku, imo kwenye sili ya beringi upande mmoja. Fundi akiiingiza kinyumenyume, sensa haioni kitu, na kwa macho ni rahisi kukosea. Mara nyingi pande mbili zinafanana. Kuna kadi maalumu inayoonyesha mistari ya sumaku. Anayefanya kazi hizo bila kadi anacheza pata potea.

Nahodha wa Semi
Salama wadau. Kwenye semi zetu mambo ni rahisi. Sensa inakaa kwenye bushi ya chuma inayoibana kwa msuguano, haina bolti. Unaisukuma kwa mkono mpaka iguse pete, unazungusha tairi, pete yenyewe inairudisha kwenye nafasi yake. Taa ya trela ikiwaka nikiwa nimetoka kubadilisha beringi, sihangaiki, najua sensa imerudi nyuma. Nasukuma, natembea. Kabla ya kushuka mlima Kitonga lazima nihakikishe imezimika. Kiberiti ungeisukuma tu.

BintiMwera
Nahodha usimponze mwenzio. Ya Premio ina bolti moja ya milimita 10 na inakaa pale ilipotengenezewa, huisukumi popote. Ila kuna kitu umenikumbusha. Kutu ikijijenga kwenye tundu lake chini ya sensa, inainyanyua kidogo, na hapo nafasi inaongezeka bila mtu kujua. Magari yanayokaa karibu na bahari, Kigamboni, Bagamoyo, Mombasa, yanapata sana hiyo. Itoe, piga msasa sehemu inapokalia, usipige msasa ncha yake. Ncha unaifuta kwa kitambaa tu. Ina sumaku, kwa hiyo inakusanya unga wa chuma kutoka kwenye diski na pedi mpaka inaota ndevu.

Mla Embe
Mnachimba sana. Matairi yake yanalingana? Mdogo wangu alifunga 195/50R15 mbele akaacha 185/65R15 nyuma ili gari "lilale". Kipenyo cha kwanza ni milimita 576, cha pili ni kama 622. Taa ya ABS ikawaka na fundi akabadilisha sensa mbili.

Kikokotoo
Hesabu zako za leo ni safi. Lakini angekuwa na shida hiyo, matairi mawili ya mbele yangetofautiana na ya nyuma, si moja peke yake.

Mla Embe
Kama amefunga spea tairi upande mmoja?

Kiberiti
Matairi manne ni saizi moja, yalinunuliwa pamoja.

Mzee Spana
Hakuna aliyeeleza ile pedeli inayompiga teke, na mimi naona ndiyo siri. Sensa ya koili nguvu yake inategemea mwendo. Gari likienda kasi inatoa volti nyingi, likikaribia kusimama inatoa kidogo sana. Sasa weka nafasi iliyoongezeka, au pete yenye kutu. Kwenye spidi 10 matairi matatu bado yanasikika na hili moja linanyamaza. Kompyuta inadhani tairi limejibana kwa breki, kwa hiyo linaserereka. Inafanya kazi iliyoajiriwa: inafungua breki ya tairi hilo, inabana, inafungua, ndiyo hiyo grrr. Waya uliokatika kabisa hauleti grrr, unaleta taa tu. Grrr inaletwa na sensa inayosikika nusunusu.

FundiWaya
Na waya uliokatika nusunusu je? Nyuzi mbili kati ya ishirini zimebaki ndani ya plastiki nzima? Ukikata kona inaachia, ukinyoosha inashika. Mzee, usifunge mlango huo.

Mzee Spana
Mlango uko wazi, ila mimi sipiti.

Jogoo la Mjini
Swali la mtu mjinga: hivi hiyo ABS inasaidia nini hasa? Inapunguza umbali wa kusimama?

Kikokotoo
Kazi yake kubwa ni uendelee kukata usukani ukiwa umekanyaga breki ya nguvu. Tairi lililojibana haligeuki, linaserereka kuelekea lilikokuwa linakwenda. Kwenye lami yenye maji inasaidia na umbali pia. Kwenye changarawe na mchanga umbali unaweza hata kuongezeka, kwa sababu tairi lililojibana lingejisukumia kifusi mbele yake na kifusi hicho kingesaidia kusimama. Bosch na Mercedes-Benz waliileta ya kielektroniki kwenye S-Class mwaka 1978, na hilo la changarawe halijaondoka mpaka leo.

Nahodha wa Semi
Ndiyo maana kuna madereva wa Land Cruiser huko porini wana swichi ya kuikatia.

BintiMwera
Porini sawa. Mandela Road saa mbili asubuhi, bodaboda anakuingilia, utaitaka. Nilimuuliza kuhusu ile taa nyekundu kwa sababu njano peke yake maana yake breki za kawaida zipo, umekosa ABS tu. Njano na nyekundu zikiwaka pamoja, kwenye magari mengi umepoteza pia ule mgawo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, au mafuta ya breki yamepungua. Matairi ya nyuma yakijibana kwanza gari linageuka lenyewe. Hapo usiendeshe ukisema "nitafika gereji".

Shangazi Premio
Asante binti kwa kusema hilo. Watu wanazichanganya sana.

Kiberiti
Nimerudi na majibu, wakuu. Gari liliinuliwa, tairi likatolewa. Pete ipo. Shangazi, niliogopa sana lakini ipo. Ina kutu, na upande mmoja inang'aa kama imesuguliwa. Ncha ya sensa ilikuwa na ndevu za chuma kama alivyosema BintiMwera. Tumesafisha. Beringi haichezi na haisagi. Halafu tukafanya kitu kimoja zaidi. Mita kwenye plagi, kijana akawa anatikisa waya polepole kuanzia kwenye sensa kwenda juu. Alipofika pale waya unapobanwa kwenye shokapu, namba ikaruka juu sana kutoka 1.52, ikarudi. Tukafungua, waya umechubuka ndani. Tumeunga kwa risasi na kufunga tepu. Taa imezimika, grrr hakuna.

FundiWaya
😎

Makanika wa Ngara
Hongera. Ila tepu pale kwenye shokapu haidumu, waya unapinda kila ukikata kona. Ungevisha ile mipira inayonywea kwa moto, halafu uache ulegevu kidogo.

Mzee Spana
Umesafisha na umeunga siku moja. Sasa nani atajua kipi kilichoponya? Na hiyo pete inayong'aa upande mmoja haijanifurahisha. Kitu gani kinaisugua?

FundiWaya
Mzee, mita imeruka mbele ya macho yake!

Mzee Spana
Imeruka, sibishi. Lakini waya huo ulichubuka lini? Labda wakati wa kufunga shafti, kalipa ya breki ikaachwa ining'inie kwa bomba na waya wa sensa ukavutwa. Au labda umechubuka juzi wakati wa kubadilisha sensa. Kama ni juzi, basi si uliowasha taa ya kwanza.

Kikokotoo
Hoja nzito. Sensa ya zamani ilikuja na kipande chake cha waya mpaka kwenye plagi. Kiberiti, pale penye kasoro ni waya wa sensa au wa gari, baada ya plagi?

Kiberiti
Ni wa sensa. Yaani wa hii ya mtumba.

Kikokotoo
Basi waya wa sensa ya kwanza hatujautikisa. Bado unayo?

Kiberiti
Ipo kwenye buti.

Jogoo la Mjini
Huu uzi utakwisha lini? Fyuzi ingekuwa imeshachomolewa tangu ukurasa wa kwanza.

Kiberiti
Wakuu, mvua ya jana imenyesha na taa imerudi. Namba ni ileile, 32. Grrr haijarudi. Na leo jua limewaka, taa mara inawaka, mara haiwaki. Ile sensa ya zamani nimeitikisa waya wote, mita imetulia tuli kwenye 1.49.

FundiWaya
Maji. Kuna plagi ndani ya fenda nyuma ya ile plastiki ya tairi. Ifungue uangalie kama pini zina ukijani. Ikiwa na ukijani, kata plagi, tafuta nzima yenye mkia wake.

Mbeba Mzigo
Au pete imepasuka. Ikipata ufa, inatanuka, inacheza juu ya kikombe, na huko kung'aa upande mmoja ni kwa sababu inagusana na ncha. Chukua bisibisi nyembamba, pitisha jino kwa jino. Ufa hauonekani kwa macho kama kuna kutu.

Makanika wa Ngara
Rudisha sensa ya zamani ambayo haina kosa lolote, kwanza. Unahangaika na ya mtumba ya nini?

Mzee Spana
Hapo Ngara umenena. Rudisha ya zamani, hesabu meno kushoto na kulia, na linganisha kina cha pete kutoka ukingo wa kikombe. Inaweza kuwa na meno 48 sawasawa ila imebanwa milimita tatu ndani zaidi. Halafu mpe mtu mashine yenye kuonyesha mwendo wa matairi yote manne, nenda barabara iliyonyooka spidi 30, yeye atazame wewe uendeshe. Usiendeshe huku unatazama.

Mla Embe
Na kompyuta ya ABS yenyewe? Pale kwenye pampu, risasi za ndani zinapasuka. Nimesikia.

FundiWaya
Zinapasuka, na ndipo wengi hukimbilia kwa sababu kuna hela. Ondoa kwanza shaka ya nyaya: pima kutoka kwenye plagi ya pampu badala ya kwenye sensa, mvua ikiwa inanyesha. Ukipata 1.5 pale na taa inawaka, nirudie hapa tuongee kuhusu kompyuta.

Kiberiti
Jumamosi nafanya hayo. Nitaweka picha ya pete.

Dogo Wish
Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi nina Wish nimeinunua kwa mtu, yangu haina shida hizi, taa ya ABS haiwaki kabisa. Hata nikiwasha swichi haiwaki. Ni nzuri eh?

BintiMwera
Dogo, ukiwasha swichi taa zote za hatari lazima ziwake kidogo halafu zizimike. Isiyowaka kabisa, balbu imeungua, au imechomolewa au kuzibwa kabla hujauziwa. Unganisha tundu la 4 na la 13 kama alivyoeleza FundiWaya huko juu, uone kama kuna kinachokonyeza.

Dogo Wish
Hakuna kinachokonyeza.

Jogoo la Mjini
Karibu kwenye chama.

FundiWaya
Dogo, fungua uzi wako. Weka mwaka wa gari, na picha ya dashibodi swichi ikiwa imewashwa bila injini.